Mujukulu yangu alikataa kutia chumvi

Nasahau fasi nimeweka miwani, lakini majina ya bantu sisahau. Nayua hata ya mama muzalishi alinipokea. Hapa sitataya hata moja, juu bantu ya hii habari beko bazima na midomo yao inafanya kazi.

Mujukulu yangu alikuya kwangu ku komine Annexe asubui moja, mutoto wake ya miezi munane ku mugongo. Tukapika sombe, majani ya muhogo. Nikamuambia, "Tia chumvi." Akaangalia kule. "Kambo, tia weye."

Kwetu mwanamuke akiwa mu siku zake hatie chumvi mu chakula ya bengine. Mama yangu alinifunza vile, na miye nikafunza binti zangu. Basi nikatia. Lakini juma iliyopita alikataa vilevile, na ile ya mbele yake. Masomo yangu iliishia darasa ya pili, lakini kuhesabu siku ya mwanamuke haiombe darasa.

Nikamuuliza, "Mupali wangu, kama chumvi inakukataa kila juma, kwako nani anapikaka?"

Kwetu bwana ya mujukulu ni bwana ya kambo piya, njo maana namuita mupali, mwenzangu kwa bwana moja. Mambo ya kitanda hawezi kuelezea mama yake. Kwa mama ni heshima. Anakuya kwangu, tunagombeana bwana.

Akacheka kidogo, alafu macho ikajaa mayi. Akasema tangu miezi mbili anakunywa binini, vidonge ya kupanga uzazi, juu mutoto iko mudogo. Sasa kila mara amelala na bwana yake, asubui anaona matone ya damu ku nguo.

"Haiumi, kambo. Lakini naona hii binini inaharibu tumbo. Sitazala tena. Leo naitupa."

"Na bwana yetu anasema nini?"

"Anakula sombe bila chumvi. Juzi aliuliza kama chumvi imeisha mu Lubumbashi muzima."

"Binini unakunywaka saa ngapi?"

"Wakati nakumbuka. Siku ingine nasahau."

"Lakini bwana yangu haumusahau."

Akaficha uso mu kikwembe. Miye nacheka, lakini mu roho nilikuwa na woga. Nilikuwa na rafiki, damu ilikuwa inamutoka vile kisha kulala na bwana yake, akanyamaza juu ya kuona haya. Alipofika kwa munganga, wakati ilikuwa imepita. Jina yake nataya mu sala kila siku.

"Usitupe kitu," nikasema. "Funga mutoto, tunaenda ku hospitali."

Munganga alikuwa mwanamuke. Akapima kama hakuna mimba, akatazama mulango ya kizazi, akachukua kipimo. Akamuambia, "Miezi ya kwanza ya binini, matone inaweza kutoka, zaidi kama unaruka siku. Kunywa saa ileile, kila siku. Tumbo yako haijaharibika. Siku utaacha binini, unaweza kuzala. Lakini damu ikitoka kisha kulala na bwana, lazima tuangalie ndani. Ulifanya vizuri kukuya."

"Na chumvi?" nikauliza.

Akanitazama, akacheka. "Mama, hata kwetu beko banakataza. Lakini haya ni matone, haiko siku zake. Hukumu ya chumvi ni ya weye."

Kurudi nyumbani, nikakata hukumu: matone haikataze chumvi. Kisha juma mbili jibu ya kipimo ikakuya, hakuna kibaya. Na tangu anakunywa sawasawa, matone ikapunguka, ikaisha.

Sasa binini anaiweka pembeni ya kikopo ya chumvi. Mangaribi akitia chumvi mu mboga, anameza kimoja. Siku ingine nilikula kwake, sombe ilikuwa na chumvi ya kutosha bantu kumi.

"Utaniuliya bwana na kiu," nikamuambia.

"Kambo, yeye amemaliza sahani mbili. Haulize tena mambo ya chumvi."