Bibi Bong-im Akataa Kufa Kwenye Katuni

Mama mkwe wangu, Pyo Bong-im, ndiye anayewapiga kalikiti karibu wanawake wote wazee wa Beolgyo, mji wetu mdogo wa pwani ya Korea, na saluni yake haijawahi kufungwa siku ya gulio. Nyusi zake alizichora tatoo zamani, na sasa wino umegeuka bluu. Mgongo wake umenyooka. Akikaza rola, macho ya mteja hupanda juu yenyewe.

"Vumilia," husema. "Nikilegeza, utarudi kwangu kabla msimu wa kuvua kombe wa baharini haujaisha, halafu useme Bong-im amezeeka."

Mwanawe alikuwa mume wangu. Jioni moja, chakula kikiwa mezani, alinitangazia kwamba ana mwanamke mwingine kule Suncheon, na kwamba nifungashe nguo zangu kwa sababu sizai na sikusoma. Ndugu zake walisikia, wakaendelea kula. Namkumbuka hata aliyeongeza wali. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeinuka. Alikwenda mlangoni, akavichukua viatu vya mwanawe, akavitupa mtaroni.

"Aondoke nani?" akamwambia. "Huyu ni mkwe wangu. Wewe ndiye nisiyekujua."

Tangu siku hiyo naosha vichwa saluni kwake.

Basi fikirini nilivyojisikia, miaka mingi baadaye, alipokuja kukaa nasi Seul-bi, binti ambaye mume wangu alizaa na yule mwanamke wa Suncheon. Seul-bi huchora katuni za kusomwa kwenye simu. Aliniita "shangazi", vile mtu anavyomwita muuza samaki asiyemjua. Alikaa pembeni na kishikwambi chake akimchora bibi yake, na kila Alhamisi kipande kipya kilitoka. Watu wakampenda sana huyo Bibi wa Saluni. Waliandika chini ya picha kwamba wamelia, kwamba wamewakumbuka bibi zao.

Mimi nilitazama nikachukia. Bibi wa katuni alikuwa amepinda kama ndoano, amevaa suruali ya maua, nyusi nyeupe laini, macho vijistari viwili. Kazi yake ilikuwa kumwongezea mjukuu wali na kusema, "Kula, mtoto wangu." Hakumtukana mtu hata mara moja. Mimi pia nilikuwemo, mdomo wazi, mate yanaruka, na juu ya kichwa changu pameandikwa "Shangazi wa Saluni".

Siku moja ya gulio, saluni imejaa, Seul-bi alipanda juu na kukiacha kishikwambi karibu na beseni. Nikaona picha za kipande cha mwisho. Palikuwa na picha ya Bibi wa Saluni yenye utepe mweusi, maua meupe ya msiba pande zote, na mjukuu analia.

"Mama," nikasema, "mjukuu wako amekuua."

Hakuacha kukunja rola. "Nimekufa nimevaa nini?"

"Suruali ya maua."

"Hapo nakataa."

Wateja walicheka mpaka plastiki za vichwani zikachakarika. Bibi wa Gurye, mteja wetu wa miaka mingi, akasema, "Shukuru. Wewe umekufa vizuri. Kwenye ile anayosoma mjukuu wangu, bibi alisahau kwanza jina lake, akapotea njia, ndipo akafa."

"Kwenye yangu mimi, bibi aligongwa na gari akipeleka kabichi ya kimchi," akasema mwingine.

Seul-bi akashuka, akaona tunachotazama, akawa mwekundu. "Bibi, huyo si wewe. Ni mtu wa kwenye katuni tu. Mhariri anasema wasomaji wanataka mwisho wa kuwaliza."

"Wakitaka kulia wawapigie simu bibi zao. Wazee wenu wa kwenye katuni wana kazi mbili tu, kulisha watu na kufa. Kulisha nimelisha. Hilo la pili nitalifanya siku yangu, siyo Alhamisi."

"Sasa nichore nini?"

"Chora viatu."

Seul-bi alikuwa hajui habari ya viatu. Kwao hawakumwambia. Mama mkwe alimweleza palepale, mbele ya wateja, mikono ikiendelea na kazi, bila kupunguza neno.

"Lakini huyo ni baba yangu," akasema Seul-bi.

"Na ni mwanangu. Nilimzaa mimi, nilijua namtupia viatu nani." Akaninyooshea kitana. "Kama bibi wako wa katuni hajui kukasirika, niambie, huyu angelala wapi siku ile?"

Seul-bi akachukua kishikwambi chake akapanda juu. Siku zile hakula nasi. Nilimwekea chakula mlangoni kwa sababu mama mkwe aliniagiza. Mimi nilikuwa nangoja kusikia akiburuta begi lake kwenye ngazi.

Alhamisi ikafika. Wanawake walizunguka simu ya Bibi wa Gurye, rola vichwani. Niliona mwanamke aliyesimama wima, nyusi za bluu, mkono juu, na kiatu cha mwanamume angani kimejaza kioo chote. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana ameshika kifurushi, mdomo umefungwa. Pembeni yake pameandikwa: Ma Jeom-suk, mkwe wa nyumba hii.

Ndilo jina langu. Mimi husoma polepole, lakini nililisoma lote, kisha nikalisoma tena.

Wasomaji wengine walikasirika. "Bibi yangu hakuwa hivi," mmoja aliandika. Chini yake mwingine akajibu, "Wangu alikuwa." Mhariri alipiga simu kulalamika, na Seul-bi akamwambia kwamba bibi bado yuko kazini, ana wateja wanangoja.

Mama mkwe aliisogeza simu mbali na macho, akaikagua picha.

"Vilikuwa viwili," akasema. "Umechora kimoja." Akarudi kukaza rola.

Seul-bi alisimama mlangoni na kishikwambi chake, akanigeukia.

"Mama mkubwa," akasema, si shangazi tena, "cha pili kiliangukia wapi?"

Nikajifuta mikono, nikatoka naye nje, nikamwonyesha.