Kitanda cha Marehemu Bibi

Shangazi alisomea ustawi wa jamii chuo kikuu, akarudi amesahau kutoa ushauri. Huko wamemfundisha kusikiliza tu. Baba na baba mdogo walikuwa wamenuniana tangu msiba wa bibi, kila mmoja akidai kitanda cha marehemu kilichobaki kwa shangazi. Wakamwendea awaamue. Akawakalisha kochi moja.

“Na hapo ulijisikiaje?” akamuuliza kila mmoja, karibu mara kumi.

Baba akafura. “Dada, amua! Kitanda cha nani?”

“Nasikia una hasira.”

“Huyu chuo kimemharibu,” baba akamwambia mdogo wake.

“Kabisa, kaka. Twende zetu.”

Wakatoka pamoja, wakimsengenya kama marafiki wa zamani. Shangazi akafunga mlango, akaenda kujilaza kwenye kitanda chenyewe. Alijisikia vizuri.