Tundu la Nyuki kwa Bibi

Dalali alisema neno moja tu: lile tundu lizibwe. Nyumba ya bibi hapa Tabora tulishaipaka rangi, masizi ya jikoni tulishayasugua, na wateja wanakuja kuiona Jumamosi. "Dada, mteja akiona nyuki atageuza gari hapo hapo," akasema.

Tundu lenyewe ni dogo, ndugu yangu, kidole gumba kinatosha kuliziba. Lipo kwenye ukuta wa stoo, chini kidogo ya bati. Babu alikuwa mrina asali, akienda porini Ipole na kurudi ananuka moshi. Alipofariki, mzinga wake mmoja mtupu ulibaki stoo, na msimu uliofuata nyuki wakaingia wenyewe kwa tundu hilo. Majirani wakamshauri bibi awafukize. Bibi akagoma. "Waacheni. Wamemfuata mwenyewe kwake," alisema, na habari ikaishia hapo.

Kazi ya tundu akanipa mimi, mjukuu niliyekaa naye. Kila asubuhi kabla ya shule nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaondoa utando wa buibui kwa kijiti, polepole, nisije nikawaudhi. Niliumwa mara nyingi tu. Nikilia, bibi ananicheka kwanza, ndipo ananipaka kitunguu. Jioni tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, tukichovya kwenye asali, huku treni ya kutoka upande wa Tura ikipiga honi kwa mbali. Jamani, utamu ule sijaupata tena, na nimeutafuta. "Tundu hili asilizibe mtu," bibi aliniambia zaidi ya mara moja. Nikadhani ni jambo jepesi.

Sasa bibi hayupo, na ndugu zangu wamekubaliana kuuza. Nilipinga kwenye simu mpaka sauti ikanikauka. Lakini wao wanaishi mbali, nami naishi mbali, na bati linavuja. Ijumaa jioni akaja mrina asali mmoja na moshi wake, akaubeba mzinga pamoja na nyuki. Jumamosi asubuhi fundi niliyemwita kuziba tundu hakutokea. Nikakoroga saruji mwenyewe kwenye kopo la rangi, nikapanda juu ya kinu kile kile, nikaziba.

Saa nne wakafika, mume na mke, watu na heshima zao. Wakasifu rangi, wakasifu madirisha, nami nawatembeza huku nacheka cheka, roho inaniuma. Nyuma ya stoo yule mama akasimama. Nyuki waliosalia walikuwa wamerudi. Wanajigonga ukutani, pale pale penye saruji mbichi, wanaondoka, wanarudi tena.

"Hawa wanatafuta nini?" akaniuliza.

Nikaficha mgongoni vidole vyangu vyenye saruji.

"Wanapita tu, mama," nikamjibu.

Akaridhika, tukaenda kuangalia chumba cha bibi.