Nyimbo za Kupanga

Mwaka huo miguu yangu ilijua ngazi zote za mtaa wa Kadutu kuliko ilivyojua njia ya kwenda shule. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa na nyimbo kumi na moja za gitaa. Alizirekodi chumbani, godoro limeegemezwa mlangoni ili sauti ya mama isiingie. Katika wimbo wa saba iliingia.

Alitaka duka au restora yoyote ipige nyimbo zake mchana kutwa, kwa kuelewana na yeye mwenyewe, kwa karatasi na sahihi, bila mtu wa katikati. Akikosa hata mahali pamoja kabla ya mvua kuisha, alisema, anauza gitaa na kumfuata tonton, mjomba wetu, kulima mpunga kule Luvungi. Mimi, mdogo wake wa kike, nikapewa kazi ya karatasi, eti kwa sababu nasoma.

Tukazunguka. Wenye pharmacie walisema wagonjwa wanataka kimya. Kinyozi alisema wateja wanataka makelele. Fundi wa simu alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akauliza kama gitaa inauzwa. Nilichekea ndani ya kola ya uniforme. Yaya hakucheka. Siku hizo alikuwa hacheki tena.

Mwishowe tukampata Maman mwenye restora karibu na soko. Yeye alipiga muziki wa intaneti kwenye simu, na kila baada ya nyimbo mbili tangazo la sabuni lilipayuka juu ya sahani za watu.

"Leteni zenu," alisema. "Na karatasi. Kesho."

Kesho! Maisha yangu yote nilikuwa nimeona kontra moja tu: mkataba wa nyumba tunayopanga, ambao mwenye nyumba aliuandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake. Nami nilikuwa na devoir ya kemia ya kumaliza usiku huo, na nimechoka. Nikaunakili wote. Kila palipoandikwa nyumba, nikaweka nyimbo. Herufi mbili tu. Juu kabisa, kama yaya alivyoniagiza, nikaandika: musique d'ambiance.

Maman aliisoma kwa kidole. "'Mpangaji atazirudisha nyimbo safi, jinsi alivyozikuta.' Sawa. 'Ni marufuku kufuga mbuzi ndani ya nyimbo.'" Akaniangalia. "Na kuku?"

"Kuku inaruhusiwa, Maman."

Yaya alinikanyaga mguu. Maman akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, akatuita.

"Mulisema ambiance. Ambiance iko wapi? Kuko gitaa moja inalia kama mutu amefiwa! Batu banasinzia juu ya bugali. Jana papa moja, muzee kabisa, alilala kinywa wazi, samaki ya sambaza mukononi."

Hapo nikaelewa. Kwa yaya, ambiance ilikuwa muziki unaokaa nyuma ya mazungumzo, wa taratibu. Kwa Maman, na kwa Bukavu nzima, ambiance ni arusi, viti vimesukumwa ukutani watu wacheze. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Yaya hakubishana. Aliweka mkono juu ya flash yenye nyimbo zake, iliyochomekwa kwenye radio. "Haina shida, Maman. Mpunga hauna mambo ya ambiance."

"Ngoja kwanza." Maman alivuta karatasi kutoka chini ya chupa ya pilipili. "Weye wa masomo, nisomee hapa."

Nikasoma: "'Mpangaji akitaka kutoka, atoe préavis, yaani taarifa, ya miezi mitatu.'"

"Basi leo natoa. Miezi tatu zitapigwa hapa. Mimi mambo ya kushitakiwa tribunal sitaki."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba kifungu kile ni cha nyumba, ni uvivu wangu tu. Kisha nikaona vidole vya yaya, kimoja kimoja, vinaiachia flash. Nikafunga mdomo.

Wimbo wa saba ukaanza. Kwa mbali, nyuma ya gitaa, mama yetu aliuliza nani amekula ndizi zake. Mteja mmoja akaacha kutafuna, akageuka kutazama mlangoni. Kwa wiki mbili, huyo ndiye mtu wa kwanza kusikiliza.

Jioni tonton alipiga simu kutoka Luvungi kuuliza yaya anafika lini.

"Bado, tonton," yaya alimjibu. "Niko mu préavis."

Mimi nikavua viatu. Ngazi za Kadutu zilikuwa bado miguuni.