Kipimo cha Ngolo

Jirani yangu wa pale Matiri siku hizi hushika jembe kwa mkono wa kushoto. Tangu alipokatwa titi la kulia na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani, mkono wa kulia huvimba akiuchosha, kwa hiyo huupumzisha ndani ya mkunjo wa kanga, kiunoni. Baada ya kila pigo hukohoa kidogo, ingawa hana kikohozi, kisha huutazama mteremko wote. Zamani kijiji kizima kingeingia shambani mwake kwa ngokela, watu wakalima pamoja huku wakiimba, wakanywa pombe yake. Leo wanampungia mkono kutoka barabarani, migongoni wamebeba mabomba ya dawa ya magugu.

Mwaka huu mumewe alilaza majani kwa miraba, kazi ya mwanamume, ili mke achimbe ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji mteremkoni, katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Jirani alipoiona miraba alicheka.

“Baba Asteria, hizi ni ngolo au viota vya kuku?”

“Macho yamezeeka, mama.”

“Hayohayo yaliyomwona mbuzi wa Raimundi jana ng'ambo ya bonde?”

Mume akainama kunoa panga lililokuwa kali tayari. Jirani akaupanua mraba wa kwanza kwa mguu hadi kipimo alichofundishwa na mama yake, akachimba shimo zuri, la kina. Akaupanua na wa pili. Akainua jembe, akalishusha bila kupiga, akamtazama mumewe aliyeendelea kunoa panga. Kisha akayarudisha majani kwa mguu, polepole, mpaka pale alipoyalaza mumewe.