Papa Honoré na Suti ya Kuzikiwa

Papa Honoré alinunua kwa pua. Siku ya kwanza alipofika kwenye meza yangu ya mitumba pale Isipingo, nyuma ya stendi ya teksi, hakunisalimia wala hakuuliza bei. Alichukua suti ya buluu iliyokolea, akauzamisha uso kwenye koti lake, akavuta pumzi kama anayenusa kichwa cha mtoto mchanga.

"Laine," akasema, yaani sufu, macho amefumba.

"Polista, papa. Ukiipiga pasi ya moto itaganda kwenye pasi."

Akatazama kushoto na kulia. "Sema polepole, mama. Watu wako hapa."

Suti aliitaka hivyo hivyo, maana bei ya polista aliiweza. Alichokataa ni neno lenyewe. Halafu macho yake yakaangukia koti jingine nililolitupa pembeni la kukatia viraka. Lile lilikuwa sufu ya kweli, ila nondo walikuwa wameula mgongo wote. Ndani, upande wa kifua, lebo ya Milano ilikuwa bado inang'aa.

"Na ile etiketi?"

"Etiketi inakwenda na koti lake."

"Koti limekufa, mama. Etiketi ni mjane."

"Basi mjane ana mahari yake."

Tukavutana mpaka jirani yangu wa nyanya akachoka kusikiliza. Lebo yenyewe ingechanika nikiifumua, kwa hiyo niliikata pamoja na kipande cha sufu kilichoizunguka, ukubwa wa kiganja, nikakishonea ndani ya koti la polista. Buluu juu ya buluu, huoni. Aliilipia ile lebo zaidi kuliko alivyoilipia suti, akaondoka koti likiwa wazi, ndani kunaonekana Milano.

Ndivyo alivyoishi. Kazi yake ilikuwa ulinzi, getini kwenye makaburi ya asili huko vilimani, ukishapita Pinetown. Ni mahali ambapo maiti hazikwi na chochote kile ambacho udongo hauwezi kukila: hakuna saruji, hakuna jeneza la vanishi, na badala ya jiwe unapandiwa mti wa porini. Alfajiri Honoré alitoka Glenwood, kwenye chumba cha uani alichopanga na mkewe Immaculée, msusi wa nywele, amevaa suti na tai. Akifika kazini anavua, anavaa yunifomu, anawafungulia maiti geti kutwa nzima. Jioni anavaa tena suti ili avuke barabara kwenda kupanda teksi. Wanafunzi wa Glenwood walidhani ni mhadhiri, wakawa wanamwamkia. Naye aliitikia, tena akawaonya wasichelewe kuleta kazi zao.

Kanisani alijipatia kazi ya kusoma matangazo. Kila Jumapili, kabla ya kusoma, alifungua koti upande wa kushoto akitafuta miwani. Hakuwa na miwani.

Mtu pekee aliyemsumbua alikuwa Peguy, mwenye duka la simu, sapeur mwenzake, mtu wa kuishi kwa mavazi ya kifahari. Peguy husema makoti yake anatumiwa na dada yake kutoka Paris, na dada huyo hakuna aliyewahi kumwona. Kwenye harusi moja wakabishana mpaka keki ikasahauliwa.

"Kule kazini kwangu polista haiingii udongoni," Honoré akatangaza. "Wanakupima hata ukiwa maiti. Weye Peguy watakuvua mpaka kaptula. Mie watanipokea na kostimu yangu."

"Njo vile, papa," Peguy akasema. "Siku hiyo tutakuja kuona."

Mwaka haukuisha, Honoré akaanguka pale pale getini. Presha. Wenye makaburi wakasema watampa nafasi bure, kama wanavyowapa wafanyakazi wao wote. Wazee wa kanisa, ambao jana yake walikuwa wanaapa mwili lazima urudi nyumbani Uvira, wakapiga hesabu ya ndege kisha ghafla wakaanza kupenda mazingira.

Immaculée aliijua suti ile kuliko sisi wote. Ndiye aliyeipiga pasi miaka yote, juu ya kitambaa, kwa moto mdogo. Lakini kumpeleka mumewe kaburini bila suti ilikuwa ni kumpa Peguy ushindi mbele ya kanisa zima, na jina la Papa Honoré lingekuwa kichekesho hadi Yesu arudi. Akamvalisha. Na mimi nilikuwa na langu. Nusu ya wale wazee walivaa nguo za kwangu kwa sababu Honoré aliwahubiria kwamba kwa Mama Grâce kuko laine. Sikusema mimi. Lakini polista ikiumbuka kule kilimani, mteja gani atakumbuka nani alisema?

Tulipofika, watu wetu walikodoa macho. Nyasi mpaka kiunoni, shimo si refu, maiti amelazwa kwenye chanja ya matete. Msimamizi, Mtanzania mpole aitwaye Ezekieli, akatupa pole.

"Msalaba utasimama wapi?" mama mmoja akauliza.

"Tutapanda mti, mama."

"Tena bila sanduku? Basi Papa Honoré anapandwa kama muhogo."

"Muhogo wanachimbua," mwenzake akamjibu.

Ezekieli akaanza kazi yake. Akavua viatu, soli ni mpira. Akatoa mkanda, una chuma. Akakata vifungo kimoja kimoja, akafumua zipu. Papa aliyekuwa haendi hata chooni bila tai akabaki amefungwa suruali kwa uzi wa pamba.

"Chef," Peguy akaita kutoka nyuma, sauti ya adabu kabisa. "Na kitambaa? Marehemu alituambia munapima."

"Tunapima kukiwa na shaka. Tunachoma uzi. Sufu inanuka kama nywele na kuacha majivu. Polista inayeyuka, inabaki kipunje cheusi kigumu."

Peguy alikuwa ameshatoa kiberiti cha gesi. "Basi shaka iko."

Simu zikainuliwa. Immaculée hakulia. Alinitazama mimi.

"Mama Grâce ndiye aliiuza," akasema. "Mkasi hauachi. Akate pale kwenye etiketi, pale ndiyo jina liko."

Nikafungua koti. Nikachomoa nyuzi chache pembeni ya lebo, kwenye kile kiganja changu cha sufu, nikampa Peguy mwenyewe azichome. Moshi ukapanda, harufu ikawa ya saluni Jumamosi jioni. Majivu yakapukutika kidoleni mwake.

"Laine," mzee mmoja akasema, na wengine wakaitikia kama amina.

"Tuchome tena," Peguy akasema. "Kwenye mguu."

"Unataka kumchoma mume wangu kidogo kidogo mpaka aishe?" Immaculée akamuuliza. Watu wakacheka, na msibani ukichekwa umekwisha. Peguy akarudisha kiberiti mfukoni.

Ezekieli akawaambia wanaume waanze kuimba, wanawake wawili waje bandani kumfunga marehemu kwa mara ya mwisho. Tukaenda, Immaculée na mimi. Mlango ulipofungwa, Ezekieli akashusha sauti.

"Samahanini, mama zangu. Nimefanya kazi na mzee muda mrefu. Suti hii ikinyeshewa asubuhi, ilikuwa inakauka kabla hatujamaliza chai. Sufu haikauki hivyo. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu. Lakini siiziki."

Hapo hakukuwa na cha kubishana. Nje wanaimba, ndani tunavua. Kilichobaki ni tumfunge na nini. Mimi siendi mahali mikono mitupu, hata msibani, kwa sababu msibani watu huwa wengi. Mkobani nilikuwa na shuka la hoteli, pamba tupu, jeupe, zito. Nikataja bei, tena bei ya msiba.

"Unaniuzisha shuka mbele ya maiti?" Immaculée akasema.

"Na mimi nimelinunua, mama."

"Sawa. Ngoja nimuite Peguy, umuuzie yeye. Nitamwonyesha na pale ulikata."

Nikalikunjua shuka.

"Eish," Ezekieli akasema, akatoka kwenda kuangalia sepetu zake.

Kabla hatujamfunika, Immaculée alifumua kile kipande cha sufu, akakiweka chini ya mkono wa mumewe. Ezekieli aliporudi alikikubali. Lebo akaikataa, ni nailoni. Immaculée akaitia kwenye sidiria, suti akaitia kwenye mfuko wangu, na mfuko akautia kwapani. Tukatoka na mzigo mweupe, wanaume wakaushusha shimoni wakiwa na uhakika chini ya shuka kuna Milano.

Wiki iliyofuata meza yangu ilijaa. Kila mzee alitaka "kama ya Papa Honoré." Immaculée naye akaja, akavuta kiti changu, akaketi.

"Kuanzia leo tunafungua belo pamoja," akasema. "Mie nachagua kwanza."

"Na nisipotaka?"

"Kostimu iko kwangu, mama. Na kiberiti cha gesi ni cha kununua tu."

Nikamsogezea. Anauza vizuri kuliko mimi, hilo silikatai. Nusu ya meza ni yake na nusu ya faida pia. Peguy alikuja wa mwisho, amechelewa makusudi. Akachagua koti la kijivu, akaligeuza, hakuona kitu ndani.

"Haina etiketi?"

"Etiketi iko, inalipiwa mbali," Immaculée akamwambia, akaitoa kwenye sidiria. Akataja bei ambayo mimi ningeona haya kuitaja.

"Iko sawa na ile ya Papa Honoré?"

"Sawasawa kabisa," akasema, na hakudanganya.

Peguy akalipa. Sasa ndiye anayesoma matangazo. Honoré yuko kilimani na pamba yangu tupu, nguo ya kwanza aliyowahi kuivaa ambayo ndiyo yenyewe, na haina lebo.