Taya la Papa Lililogoma Mlangoni

Katika mtaa wa mafundi, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahauliwa. Aliitwa Mama Maadhimisho, kwani hapakuwa na sherehe ya kumbukumbu mjini ambayo mikono yake haikuipamba. Daraja lilipotimiza nusu karne, alilijenga upya kwa maboksi na gundi. Ilipokumbukwa simu ya kwanza ya mji, alitengeneza simu kubwa kama kabati. Ukimuuliza reli ilifika mwaka gani, kwanza alikumbuka rangi aliyopaka garimoshi, ndipo mwaka ukamjia.

Asubuhi hiyo alikuwa hashikiki kwa furaha. Makumbusho ya mji yalikuwa yanatimiza miaka thelathini, na mhifadhi wake alikuwa amemwagiza taya la megalodoni, yule papa mkubwa wa kale aliyetamba baharini mamilioni ya miaka iliyopita, kisha akatoweka asiache ila meno na pingili chache za uti wa mgongo. Taya lilikuwa tayari: kiunzi cha nondo nyembamba, karatasi zilizolowekwa katika gundi, na meno ya plasta mapana kama kiganja. Mtu mzima angeweza kusimama wima ndani yake.

Mumewe, fundi viatu aliyestaafu, alilizunguka, akakohoa.

"Mama watoto, huyu samaki atatokea wapi?"

"Mlangoni. Kwani wewe hutokea wapi?"

"Mimi sina mdomo mpana hivyo. Ingawa humu ndani yupo aliye nao."

Mama Maadhimisho alicheka, akautazama mlango, kicheko kikamkauka. Alikuwa amepima ukumbi wa makumbusho, akapima ukuta, hata msumari wa kutundikia. Mlango wake mwenyewe hakuupima. Walililaza taya, wakalisimamisha, wakalipitisha kwa ubavu. Wapi! Na wageni walitarajiwa adhuhuri. Mhifadhi alikwisha kumwambia waziwazi kwamba taya likikosekana, kazi zote za maadhimisho zingepewa kampuni ya matangazo.

Akampigia simu.

"Mzee wangu, taya limegoma kutoka. Nikilikata kwenye pembe za mdomo, utanifukuza?"

Mhifadhi akaangua kicheko. "Kata, dada yangu! Taya la juu na la chini la papa ni vipande viwili, hushikana pembeni kwa kano. Nilipoona picha uliyonitumia, niliona haya kukuambia. Ulikuwa na furaha mno."

"Haya yako ingenifukuzisha kazi!"

Msumeno ukalia. Mumewe akapotea stoo, akarudi na mikanda ya ngozi iliyobaki tangu enzi za viatu vyake. "Kano hizi hapa," akasema, akiringa kama daktari wa upasuaji.

Taya likatoka nusu nusu, likapanda mkokoteni, likaunganishwa ukutani. Kwa kuwa sasa lilifunguka, Mama Maadhimisho alilitia kamba. Adhuhuri ilipowadia, mhifadhi aliivuta. Mdomo ukaachama ghafla, na wageni wa heshima wa mstari wa mbele wakaruka kama panzi. Kisha wakapiga makofi, wakaomba kuvuta wenyewe.

Mhifadhi akamsogelea, uso ukimng'aa. "Mwaka ujao mnara wa saa unatimiza karne moja. Utatutengenezea?"

"Mnara mzima? Nipe hata leo!"

Akageuka kumpa mumewe habari, akamkuta ameshika njia.

"Baba watoto, wapi tena?"

"Nyumbani, kupima mlango."